Beseni Chini ya Kitanda

Wiki jana nilijiona shujaa wa wodi! Mvuvi kutoka kisiwa cha Remba alikuja na maumivu ya tumbo, akasema ametapika njia nzima kwenye boti. Nikachungulia chini ya kitanda: beseni zima, rangi ya kahawa! Chuoni tulifundishwa hiyo ni damu ya tumboni. Presha yake ilikuwa sawa, lakini nani alikuwa na wakati wa kuiamini? Nikamwekea dripu mikono yote miwili, nikaita daktari kwa kelele. Kaka zake waliomleta wakakunja mikono ya mashati tayari kutoa damu.

Daktari alipofika mbio, mama wa mgonjwa akarudi na vikombe alivyokuwa akiosha. Akavuta beseni, akachota.

"Sista, uji wa wimbi umepoa. Nikuwekee?"