Safari ya Nabuyoga kwa Ajili ya Mpishi

Miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, nilifanya kazi katika ofisi ya usalama ya ubalozi mmoja wa kigeni mjini Kampala. Nilikuwa nimetoka polisi na cheo cha sajini. Watu wakisikia mpelelezi wa ubalozi hudhani nilishinda nikifukuzana na majasusi. Siku zangu nyingi ziliishia kwenye mafaili. Huyu anayeomba udereva, je, kweli alisoma pale anaposema? Yule mfagizi, je, aliwahi kufungwa? Nilikwenda kwao, nikauliza kwa chifu, kwa padri na kwa mwalimu, kisha nikarudi kuandika nilichokiona. Mkuu wangu, mzungu mpole aliyependa ripoti fupi, aliniambia mara moja kwamba mtu ataingia ubalozini au atabaki nje kwa maneno yangu. Nadhani neno hilo alilisema hivi hivi tu, lakini mimi lilinikaa.

Mpishi wa balozi alikuwa mtu wa makamo, mrefu, wa maneno machache. Kila asubuhi, nikishakagua daftari la askari wa getini, nilipita mlango wa nyuma wa jikoni, naye alinimiminia chai bila kuuliza. Aliniita Sajini, mimi nikamwita kaka. Tulizungumza habari za mvua na za mpira. Pombe alikuwa hagusi, na sikuwahi kumwona akigombana na mtu. Mwenzake akimuudhi, alifunga mikono nyuma akatoka nje, akasimama kwenye ua mpaka moyo utulie. Nilidhani ndivyo alivyolelewa.

Siku moja ilifika barua isiyo na jina la mwandishi, ya Kiswahili, kwa penseli. Mkuu aliniita nimtafsirie. Ilisema kwamba mpishi wa balozi ni muuaji. Kwamba zamani, kule kwao Nabuyoga, alimpiga kaka yake kwa mpini wa jembe wakigombea mpaka wa shamba, akamuua, akakimbilia Kenya na kujiita jina lingine. Jina lake la kwao na la ukoo wake yalitajwa pia. Nilisoma mpaka mwisho, nikaikunja.

Faili la mpishi nililijua, kwa kuwa nililiandaa mwenyewe. Lilikuwa na barua nzuri za mabwana aliowapikia Kisumu, na cheti cha ubatizo cha upande wa Kenya. Habari za kabla ya Kisumu hazikuwamo, nami sikuwa nimeziuliza. Mkuu hakunilaumu. Alisema niende nikaangalie, na nisimwambie mpishi neno mpaka nirudi, ndivyo kanuni ilivyotaka. Alinipa siku nne na picha ndogo ya mpishi iliyobaki tulipompiga picha za pasi ya kuingilia getini.

Asubuhi ya kuondoka sikupita jikoni.

Nilishuka treni Tororo, mji nilikokulia, kwa maana baba alikuwa mtu wa reli na mama alikuwa Msamia wa Busia. Lugha za pale nilikuwa nazo zote, ndiyo sababu kazi za upande ule ziliangukia kwangu. Niliazima baiskeli kwa binamu yangu, nikachukua barabara ya Nabuyoga. Mtama ulikuwa umekomaa na watu walikuwa mashambani. Njia nzima nilijaribu kumwazia mpishi yule mpole akiinua mpini wa jembe. Nikawa namwona vizuri kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

Chifu hakuwapo. Karani wake, mgeni wa pale, alisema kesi ya mauaji ya namna hiyo hajaisikia, ila boma la ukoo ule ni lile lenye miti ya mvule, ng'ambo ya kijito. Nilivuka nikitarajia kumkuta mjane, au mtoto wa marehemu. Nilimkuta mwanamume wa miaka hamsini hivi, peke yake uani, akichonga nira ya ng'ombe kwa tezo. Aliniangalia viatu kwanza. Viatu vyangu vilikuwa bado vile vya polisi. Aliiweka tezo chini polepole, akasimama, akaongea nami kwa Kiswahili, kama watu wa kule wanavyoongea na serikali.

"Mimi nilijua siku moja nyinyi nakuja," alisema. "Lakini mimi hapana ua yule mtoto."

Nilimwuliza mtoto gani. Alisema mdogo wake. Nilipomjibu kwa Dhopadhola, lugha ya kwao, kwamba sijaja kukamata mtu, akaenda ndani akaniletea kigoda. Kisha akakaa chini, akageuza kichwa kunielekezea sikio la kulia, akanieleza mambo yote.

Walikuwa wana wa baba mmoja, mama mbalimbali. Baba alipokufa waligombania kipande cha shamba kando ya kijito. Siku hiyo walikuwa wawili tu, na yeye mkubwa ndiye aliyeanza kutukana. Mdogo wake alimpiga kwa mpini wa jembe ubavuni mwa kichwa. Hakukumbuka tena kitu mpaka alipozinduka hospitali ya Tororo, na siku zilikuwa zimepita nyingi. Wachungaji ndio waliomwokota akitoka damu sikioni. Sikio lile lilikufa. Alinionyesha kovu na daftari la hospitali. Aliporudi nyumbani mdogo wake hayupo, na hajaonekana tena.

"Niliwaambia watu kwamba alinipiga akakimbia," alisema. "Wakaniuliza, sasa mbona harudi? Wakasema nilimuua nikamtupa mtoni, halafu nikajigonga mwenyewe kujificha. Mama yake alisema hivyo mbele ya kanisa zima. Akahama hapa akarudi kwa kaka zake Buhehe. Mpaka leo hanisalimii."

Nilikaa kwenye kile kigoda nikijaribu kupanga mambo kichwani. Marehemu niliyekuja kumchunguza ndiye aliyekuwa akizungumza nami, tena alikuwa amebeba kwa miaka yote lawama ya kumuua mtu anayenimiminia chai kila asubuhi. Na yule wa Kampala alikuwa amejificha kwa sababu ya maiti isiyokuwapo.

Kanuni ilikuwa wazi: mpelelezi anauliza, hajibu. Habari za mfanyakazi wa ubalozi hazitolewi kwa mtu wa nje, hata kama ni ndugu. Nilikuwa sijaivunja hata mara moja. Niliitoa ile picha mfukoni.

Aliishika kwa vidole viwili. Kisha aliuliza kama mdogo wake anakula vizuri, maana utotoni alikuwa mchaguzi wa chakula. Nilimwambia kwamba ni mpishi. Akacheka, machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko, akajifuta kwa mkono wenye vumbi la mbao na uso ukawa mweupe. Aliniomba nipitie Buhehe kwa mama. Alisema yeye hataaminiwa akienda.

Kesho yake nilishuka Busia kwa basi, nikapata mtu wa baiskeli wa kunifikisha Buhehe. Mama yule alikuwa mfupi, mkavu, na alikuwa akianika mihogo juu ya jiwe. Nilimwamkia kwa Kisamia, nikamtajia ukoo wa mama yangu ili ajue mimi ni nani, kisha nikamwambia kwamba nimetoka Kampala na nina picha nataka anitazamie. Aliipokea, akaiangalia, akaenda nayo juani, akarudi.

"Huyu amezeeka," alisema. "Nani amemzeesha mwanangu?"

Nilimweleza kila kitu, pamoja na habari ya sikio. Nilimwambia kwamba mkubwa hakumdhuru mdogo. Ni mdogo aliyempiga mkubwa, akakimbia akidhani ameua. Alisikiliza akiendelea kupanga mihogo. Nilipomaliza aliuliza mwanawe alikimbilia njia gani. Nilisema hiyo sijui bado, ila nadhani alivukia Busia, akaingia Kenya. Akatikisa kichwa. Busia ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka pale. Aliketi chini, akanyoosha miguu mbele kama mtu aliyetua mzigo, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti ya chini, bila haraka. Wifi zake walitoka jikoni kuuliza kuna nini. Aliwaambia wapike.

Nilirudi Kampala na hofu ya aina nyingine. Mpishi hakuua mtu, lakini kwenye fomu ya ubalozi palikuwa na swali: je, umewahi kutumia jina lingine? Alikuwa ameandika hapana. Watu walikuwa wamefukuzwa kwa uongo mdogo kuliko huo, wawili kati yao kwa ripoti zangu mimi. Niliandika nilichokiona, nikaandika pia kwamba nimeionyesha picha kwa watu wawili wa nje, nikaipeleka kwa mkuu mwenyewe mkononi.

Aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama nina hakika kwamba mtu niliyezungumza naye ndiye huyo kaka. Nilisema nimeona kovu, nimeona daftari la hospitali, nimezungumza na mama. Aliniambia kwamba jambo la picha halikuwa zuri, nisilirudie. Nikasema ndiyo. Kisha akafungua dirisha, akasimama pale akinipa mgongo.

"Mwite ajaze fomu nyingine," alisema. "Kwa jina lake. Ile ya kwanza tutaiweka chini yake, pamoja na ripoti yako. Balozi nitazungumza naye mimi."

Nilitoka pale miguu ikiwa miepesi kama ya kijana.

Mpishi alikuwa akimenya viazi. Alikuwa ameona siku nne sijapita, na aliponitazama usoni alijua. Aliweka kisu mezani, akafunga mikono nyuma. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri ya kuanzia, yote yakanipotea.

"Kaka," nikasema, "kaka yako mkubwa yu hai. Nimekaa kwenye kigoda chake juzi."

Alinitazama kama mtu asiyejua lugha ninayoongea. Nikarudia kwa Dhopadhola. Akashika ukingo wa meza, nikamkalisha kwenye gunia la viazi. Alitaka kujua kama natania. Alitaka kujua kaka yake ana sura gani sasa, anatembeaje. Nilimwambia habari za sikio, akafunika uso kwa aproni, akalia kwa sauti kubwa mpaka dobi akaja kuchungulia, nikamfukuza. Baadaye alinieleza jinsi alivyofika Busia na nguo zenye damu, akavuka na wauza samaki, akaenda Kisumu akajiandikisha kwa jina la mjomba wake aliyekufa utotoni. Nilimwuliza ni nani aliyejua siri hiyo hata akaandika barua. Alisema alimwambia mtu mmoja tu maishani mwake, na hatamtaja. Sikumsukuma. Mpaka leo simjui.

Alipewa likizo ya wiki mbili. Kwenda peke yake aliogopa, ikabidi niombe ruhusa nimsindikize. Mama aliletwa Nabuyoga na kaka zake kutoka Buhehe. Tulipovuka kile kijito mpishi alisimama, akasema afadhali turudi, aandike barua kwanza. Nilimshika mkono kama mtoto wa shule nikamvuta.

Kaka yake alikuwa amesimama uani na shati jeupe lililopigwa pasi. Walitazamana. Mpishi alianza kupiga magoti, lakini mkubwa alimwahi, akamshika mabega, akasema maneno machache ambayo mimi niliyekuwa karibu nilisikia.

"Mimi ndiye niliyekutukana. Ukisemea sikio hili, nitashindwa kusikia."

Akageuza upande ule mwingine, na mdogo wake akamwambia alichotaka kumwambia hapo sikioni. Hicho sikukisikia, na nilisogea ili nisikisikie.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alimshika mwanawe uso, akampapasa kichwa, akamkaripia kwa kuota mvi. Yote hayo mkubwa aliyatazama akiwa amesimama pembeni, kama mgeni katika boma lake mwenyewe. Kisha mama akamwita kwa jina. Watu wakageuka kutazama, kwa sababu jina hilo halikuwa limetoka kinywani mwake kwa miaka mingi. Alimwambia aje akae, akasogeza nguo yake kumpa nafasi kwenye mkeka. Alisema alimsema vibaya kanisani, na Jumapili atasimama kanisani tena. Mkubwa akajibu kwamba hakuna haja. Mama akasema ataamua mwenyewe kama kuna haja.

Tulikula ugali wa wimbi na kuku. Pombe ilitolewa na mpishi hakuigusa, wala hakuna aliyemlazimisha. Jioni ndugu wale wawili walishuka kijitoni kuutazama mpaka ule wa shamba, na mimi nikabaki na mama, aliyetaka nimweleze kwa undani wazungu wanakula nini asubuhi. Nilimweleza mayai, nikamweleza mkate wa kuchomwa, nikamweleza ile jamu ya maganda ya machungwa.

"Maganda?" aliuliza. "Na huyu mwanangu ndiye anayewapikia maganda?"

Nikasema ndiye. Alifikiri kidogo, kisha akaniongezea kipande cha kuku kwenye sahani.