Mlio wa Kinga ya Baba

Kwiii-tak. Juzi asubuhi, hapa Kenya, kijana mmoja alipita mbele ya geti langu na gunia la makaa juu ya kinga, maana baiskeli kwetu Lubumbashi ni kinga, na mlio ule ukanichemsha damu. Mimi ni mhandisi. Diploma yangu ya mitambo, ya Ulaya, nimeitundika sebuleni, na hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Naweza kutambua ugonjwa wa mashine nikiwa nimeipa mgongo. Lakini ugonjwa wa mlio ule nilifundishwa kwa kidole, na ghadhabu yake haijapoa.

Nilikuwa mtoto. Katanga, jimbo letu, ilikuwa imejitangaza nchi, na sisi wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, tulianza kusalimiwa kwa kidevu. Wakati huohuo kinga ya baba ikaanza kulia, kila alipokanyaga kwa mguu wa kulia. Nyumba nzima ilitembea kwa kinga ile. Mama aliuzia mikate juu yake. Baba akaipeleka kwa Banza, fundi wa barabara yetu, rafiki yake, aliyemshika mdogo wangu siku ya ubatizo.

Banza alizungusha pedali, akatikisa kichwa kama padri mazikoni. “Ndugu yangu, ekseli ilikufa. Hii kinga iko mufu. Uniachie tu vyuma.”

Baba alirudi ameinama. Mama akacheka kwa hasira. “Mufu gani anapiga kelele hivi?”

Mama alikuwa binti wa mtu wa reli. Alitoa mnyororo, akazungusha pedali kwa mkono; zikaenda laini, kimya kabisa. Kisha akamwambia baba azuie pedali ya kushoto, naye akailalia ya kulia kwa uzito wake wote. “Weka kidole hapa, mama,” aliniambia, akionyesha pale mkono wa pedali unapoingia kwenye ekseli.

Kitu kiliruka chini ya ngozi yangu, kidogo, kama moyo wa kifaranga. “Inacheza!”

“Ekseli iko muzima. Ni klaveti njo ilichoka.”

Klaveti ni pini fupi inayobana mkono wa pedali. Unaibadilisha, unagonga nyundo, unaendelea na safari. Baba alifurahi kama mtoto. Akanishika mkono tukarudi kwa Banza, tukidhani tunampelekea habari njema.

“Banza, haiko ekseli. Ni klaveti!”

“Ninajua,” alisema bila kuinua macho. “Lakini munaenda kwenu. Kinga itafanya nini mu train?”

“Kwetu wapi? Nilizaliwa hapa!”

Banza akavuta gurudumu la mtu mwingine. Klaveti mpya zilijaa kopo kando ya mguu wake. Niliziona.

Mama alikata ukanda wa kopo la sadini, akaifunga nao klaveti ileile iliyolika, akaigonga kwa jiwe. Vijana wa Katanga walipokuja kutufukuza mjini, baba alipita mbele ya Banza akikanyaga, godoro nyuma, na kinga haikulia. Nilijivuna sana, nikasahau kulia.

Kwa miaka mingi nilimwita Banza mwizi wa kinga, basi. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba siku aliposema “uniachie”, hakuna aliyekuwa ametuamuru kuondoka. Vijana walichelewa; Banza, baba wa ubatizo wa mdogo wangu, moyoni mwake alikuwa amekwisha kutuona tumekwenda.

Juzi nilimsimamisha yule kijana wa makaa.

“Mama, fundi alisema ekseli ilikufa,” akaniambia.

“Fundi gani?” Nilifoka mpaka akarudi nyuma. Kisha nikamshika kidole, nikakiweka pale penye klaveti.