Jicho la Kushoto la Mchora Hina

Jirani yangu wa Timbwani, mchora hina, ana mazoea mapya tangu mimba yake ianze kuonekana. Kila akimaliza ua kwenye mkono wa mteja, hufumba jicho zima, la kulia, akalitazama ua kwa la kushoto, ambamo kimelea cha tangu usichana wake kimeamka tena na kutandaza ukungu. Wapita njia hudhani anakonyeza.

“Wamkonyeza nani, na tumbo hilo?” shangazi wa bibi harusi aliyekuwa akichorwa alimtania jana.

“Mumeo, shangazi,” alijibu, koni ya hina imetulia vidoleni. Walipokwisha kucheka, alisema kwa sauti ya chini kwamba daktari amemtuliza kuhusu mtoto, kwa kuwa maradhi si mapya, na ya zamani ni nadra kumfikia mtoto. Jicho ndilo hana hakika nalo, ila dawa anameza, na inshallah litarudi. Akalifumba tena lile zima. Safari hii alikawia, mkono mmoja juu ya tumbo, akikitazama kiganja cha bibi harusi kana kwamba kimemwita.

“Shangazi, jani hili nimelisahau ncha.”

Akainama, jicho zima lingali limefumbwa, akaichora.