Sufuria Niliyoipima kwa Kidole

Katika kambi za wapagazi, mgeni ndiye aliyebeba sufuria. Watu waliokula pamoja safarini walihesabiwa kambi moja, wakawa na chombo kimoja cha kupikia, na aliyeingia mwisho alikifunga juu ya mzigo wake, apende asipende. Mimi niliingia mwisho. Ilikuwa enzi ya Mdachi, na bwana mmoja mpima ardhi alikuwa akikusanya watu pale Morogoro wa kumbebea mahema na vyuma vyake mpaka Kisaki kwa njia ya milimani.

Sikwenda kwa kupenda safari. Kulikuwa na binti huko njiani, kwenye miteremko ya upande wa Matombo, na mjomba wangu alikuwa amekwisha kuniposea. Mama yake binti hakukataa wala hakukubali. Alisema anataka kwanza aone kama kijana huyu ana akili ya kutunza nyumba au ana maneno tu. Maneno nilikuwa nayo, sikatai. Basi mjomba akaniambia niende, nipite pale kwao nikiwa na mzigo kichwani kama wanaume wenzangu, nao wanione.

Mkubwa wa kambi yetu alikuwa Mnyamwezi, mtani wangu, mtu aliyezeeka njiani. Siku ya kununua chombo alinisukuma mbele.

"Mluguru, mji ni wako na shingo ni yako. Chagua mwenyewe."

Sokoni kulikuwa na sufuria ya shaba, nene, iliyokwisha kutumika. Nikaiinua, nikairudisha. Kulikuwa na vyungu vilivyoteremshwa na kina mama wa milimani, na mmoja wao aliniita, "Mwanangu, hiki hapa hakitakusumbua." Nikapita kama sikusikia. Kijana wa safari na chungu cha udongo kichwani! Si ningeonekana kama mke wa mtu anayetoka kisimani? Mbele kidogo nikamkuta fundi bati, ametengeneza sufuria kwa debe la mafuta ya taa, kitako amekiunga kwa risasi ya kuyeyushwa, inang'aa. Nikaitundika kwenye kidole kimoja. Kidole hakikulegea. Sikuuliza neno, nikaichukua.

Siku za kwanza nilijiona mjanja kweli. Posho yetu ilikuwa mchele, nasi tuliupika kwa maji mengi. Sufuria ilichemka upesi, kambi nyingine zikiwa bado zinapuliza moto. Nilijisifu mno. Nilizunguka kuwaonyesha wenye vyungu jinsi ninavyoizungusha kidoleni, na hata sasa nikikumbuka ule mzunguko masikio yananiwaka.

Tukafika kijiji cha kwao binti. Bwana akasema tunalala hapo, na mnyapara akagawa posho ya unga wa mahindi. Watu wa kijiji walitoka kutazama mahema yakisimamishwa. Kando ya migomba walisimama wanawake, na nilijua mmoja wao ni nani, ingawa sikuinua macho, maana kwetu mkwe hatazamwi usoni. Nikawapa mgongo, nikashika mwiko, nikaanza kusonga ugali kwa nguvu zote ili hata mgongo wangu uonekane wa mtu wa kazi.

Ugali wa wapagazi ni mgumu. Maji yalipokauka, moto ukaipata ile risasi ya kitako, ikayeyuka. Nilisikia mwiko umelegea ghafla, nikavuta sufuria, ikaja yenyewe. Kitako kilibaki mekoni na ugali wote juu yake, majivu yakaruka, moto ukazimika. Nikasimama nimeshika bati lisilo na chini.

Mtani wangu aliinyakua. Akaiweka usoni, akaielekeza kwenye migomba, akachungulia.

"Mama mkwe! Mkweo amekuja na sufuria ya kuchungulia! Nakuona vizuri!"

Wapagazi walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wanawake nao wakacheka. Mtani hakasirikiwi, na mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo niliuma mdomo nikaenda kujificha nyuma ya mizigo, nikajifunika shuka kichwani. Nilitamani bwana aseme tunaondoka saa ile ile. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba wenzangu walikuwa na njaa, na njaa yao nilikuwa nimeichagua mimi.

Baadaye kidogo akaja mama mdogo wa yule binti, amebeba chungu kikubwa cheusi. Akakitua mbele ya mtani wangu, akazungumza naye, ila kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambie mtu wenu hivi. Mwenye chungu hakuiazima kambi. Amemwazima yeye. Akirudishe mwenyewe, kwa kichwa chake."

Hakuna aliyecheka hapo. Nilielewa kwamba sasa ndipo ninapoangaliwa.

Nilikibeba chungu kile mpaka Kisaki. Nilikifunga kwa majani makavu, nikakitua kabla sijajitua mwenyewe. Kwenye mito nilikipakata kifuani, na mtani akawa anauliza mtoto anaitwa nani. Shingo yangu ilivimba. Lakini hakikugonga jiwe hata mara moja, na nilianza kuona kwamba aibu yangu itafutika.

Siku tuliyogeuza kurudi nilikuwa na haraka. Chungu kilikuwa kimetoka motoni, nami nikakiingiza mtoni nikioshe. Kikalia kidogo tu, kama kijiti kinachovunjika. Nikakigeuza huku na huku, sikuona kitu. Nikajiambia hakuna kitu.

Kwetu chombo cha kuazima hakirudishwi kitupu, kwa hiyo nilitia ndani chumvi yote niliyoipata. Tulipopita kijijini nikakipeleka mwenyewe kwa mama yake binti, nikakitua uani, nikapiga goti nimegeukia upande mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilisikia akimimina chumvi ungoni, kisha akakigonga chungu kwa kifundo cha kidole. Chungu kizima kina mlio. Kile kilikoroma. Akagonga tena upande wa pili, kikakoroma vile vile. Nilijifunika uso kwa mikono, mtu mzima na ndevu zangu.

"Kimetiwa maji kikiwa na moto," alimwambia mdogo wake. Akakiweka chungu kando. Kisha akasema, "Haya, mwambie mwenzetu asogee kivulini. Jua kali."

Nilimwoa binti yake, na kama ilivyo desturi yetu tulikaa na kulima huko huko kwao. Nilidhani chungu kile kitatupwa. Mama mkwe alikiweka kwenye pembe ya nyumba, akakifanya cha kuhifadhia mbegu za maharage. Kila mvua zilipokaribia alitoka uani, na bila kunitazama, kwa heshima zote, akamwambia mke wangu mbele ya watu:

"Mwambie mwenzako akatuletee mbegu. Zimo kwenye chungu chake."

Nami niliinuka, nikaingia ndani, nikachota huku nimefumba macho.