Farasi Asiyeshtuka Bunduki

Mzee Verlin alifyatua bunduki hewani, hatua tano tu kutoka kwa farasi.

Mimi niliruka. Binti yangu Laramie akaning'ang'ania mguu.

Farasi akaendelea kutafuna nyasi.

"Umeona?" mzee akasema. "Huyo hata dunia ipasuke, yeye na nyasi zake."

Hapo ndipo nilipokwisha, nikamtaka farasi huyo.

Huku kwetu Oklahoma, kama humuuzi farasi wa Paint, wale wa mabaka, basi unamtafuta. Mimi nilikuwa natafuta. Mume wangu Colby hukaa kwenye visima vya mafuta wiki mbili mbili, mimi jioni niko darasani, na Laramie, miaka sita, alikuwa akililia farasi tangu ajue kusema.

Sharti langu lilikuwa moja. Awe mpole, asije akaniulia mtoto.

Huyu alikuwa jike, uso wote mweupe, macho yote mawili ya bluu. Jina lake Biskuti.

Mke wa mzee alikuwa amesimama mlangoni, mkono umefungwa plasta.

"Dada, usimwendee kwa nyuma," akasema taratibu.

"Ingia ndani, Noreen." Mzee akanigeukia. "Aliteleza kwenye barafu huyo."

Ilikuwa mwisho wa Aprili. Barafu iliyeyuka zamani. Nilipiga hesabu ya miezi, halafu nikajifanya sijapiga.

Tukaondoka na Biskuti.

Siku tatu nilimwita, hakugeuka. Masikio ya farasi hayatulii, yanafuata kila mlio. Ya Biskuti yalikaa tu.

"Ana maringo," Colby akasema kwenye simu. "Amepata mwenzake hapo nyumbani."

Nilicheka, lakini nilipokata simu nikatoka kumwita tena.

Siku ya nne, mchana, nilikuwa naanika nguo. Nikamwona Laramie ana karoti mkononi, anamwendea Biskuti kwa nyuma.

"Biskuti. Biskuti wangu."

Farasi alikuwa anasinzia wima. Mtoto akamgusa paja.

Kwato ikapita. Ikang'oa kofia kichwani mwa mwanangu, ikaitupa ng'ambo ya uzio.

Kofia tu.

Nilikaa vumbini nimemkumbatia, nikimpapasa kichwa kama vile siamini kuwa kipo.

Daktari wa mifugo alikuja siku hiyohiyo. Akapiga makofi nyuma ya masikio ya Biskuti.

"Kiziwi," akasema. "Kazaliwa hivyo. Paint wenye uso mweupe na macho ya bluu, wapo wengi wa namna hii. Hukulijua hilo, na umekulia hapa?"

Nilikuwa nalijua. Siku ile nilitaka upole tu, sikutaka kujua unatoka wapi.

Nikaendesha gari mpaka kwa mzee Verlin. Hata hakubisha.

"Na mimi niliuziwa hivyohivyo, kwa bunduki," akasema. "Mkono wa Noreen kuvunjika ndicho nilichovuna. Weka tangazo, binti. Gonga ndoo karibu naye, waone hashtuki. Atatokea mtu."

Nikaweka tangazo.

Jumamosi akaja mama mmoja, mjamzito, na mabinti wawili wadogo.

"Ni mpole kweli?" akauliza.

"Huyo hata dunia ipasuke..."

Nikasikia sauti yangu. Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika ndoo ya bati na nimeshaigonga. Wale watoto walikuwa wanacheka kwa sababu farasi hakushtuka, na yule mdogo alikuwa ameanza kuzunguka kwenda nyuma.

Nikaitupa ndoo, nikamnyakua.

"Ni kiziwi," nikamwambia mama yake. "Usimnunue kwa ajili ya hawa."

Akawapakia watoto kwenye gari, hakuniaga.

Biskuti bado yuko kwetu. Laramie humwendea kwa mbele, mkono juu, na wameanza kuelewana kwa ishara. Naamini watafika mbali.

Wewe unayesoma, ukiona mnyama au mtu hashtuki kwa lolote, usishangilie. Uliza kwanza.

Na ukitaka kujua nani alinitisha zaidi, hakuwa mzee Verlin, wala kwato ile. Ni yule mwanamke mwenye ndoo.