Kaskazini ya Bibi Razafy

Niliposimuliwa habari hii mara ya kwanza niliihukumu upesi. Nilidhani ni habari ya mzembe aliyenunua nyumba kwa pupa kisha majuto yakamfuata, na nilisema hivyo mbele za watu. Nilikosea, na kosa langu lina aibu zaidi kwa sababu Ralaivao nilikuwa nikimfahamu. Katika mlima wetu mzima hapakuwa na nyumba iliyochunguzwa kuliko ile, wala mtu aliyeogopa kujuta kuliko yeye.

Kwa miaka thelathini na miwili Ralaivao alikuwa msaidizi wa wapima ardhi. Alibeba dira, kamba na vigingi katika mashamba ya watu, akaijua mipaka ya wengine kama vidole vyake, ilhali mwenyewe alipanga vyumba viwili bondeni mwa Antananarivo, mahali ambapo kila msimu wa mvua maji yaliingia hadi chini ya kitanda. Alikuwa mtu wa majuto. Alijutia koti alilolinunua, na lile aliloliacha dukani akalijutia zaidi.

“Baba Hery,” mkewe Voahirana alikuwa akimwambia, “wewe hata chai ukiinywa unajuta kwamba imekwisha.”

Alipostaafu, Voahirana aliuza sehemu yake ya shamba la mpunga alilorithi Ambatolampy ili wapate kwao. Shamba la mababu haliuzwi hivi hivi. Kaka yake alikaa miezi mitatu bila kumsalimu. Kwa hiyo alimwekea mumewe sharti.

“Nyumba utafute wewe. Mimi sitii mguu huko kabla hujanunua. Nikienda, ikitokea mbaya utasema ni mimi niliyeipenda. Ila nisikilize vizuri: nikishindwa kuishi humo, narudi kwa kaka yangu, nawe utabaki ukizungumza na kuta zako.”

Ralaivao alicheka. Voahirana hakucheka.

Akanunua daftari la shule, akaandika maswali arobaini na moja. Paa linavuja? Matofali yameiva? Kisima hukauka mwezi wa kumi? Majirani wana ugomvi? Nani alifia humo, na amezikwa wapi? Nyumba ya Bibi Razafy, juu kabisa ya mlima, aliitembelea mara saba: asubuhi yenye ukungu, siku ya mvua, siku ya soko, hata Jumapili wakati watu wamekwenda kanisani, ili asikie nyumba inasema nini ikiwa peke yake. Nyuma yake, upande wa magharibi, wafyatua matofali walikuwa wamechimba udongo hadi hatua mbili kutoka ukutani, wakaacha bonde lenye kina cha watu watatu kusimamiana mabegani. Hilo nalo aliliandika, akapima, akaona msingi uko imara.

Bibi Razafy, mjane aliyekuwa akihamia kwa binti yake Lalao, alimpokea kila mara kwa kikombe cha maji ya ukoko wa wali, moto, yenye harufu ya kuungua. Alitembea chumbani taratibu akiupapasa ukuta kwa ncha za vidole, kama mtu anayemuaga farasi wake wa zamani. Alipozungumza alimkazia Ralaivao macho bila kupepesa. Ralaivao akaandika: *Muuzaji anatazama mtu usoni. Hafichi kitu.* Chini yake akaandika: *Ukuta unang'aa usawa wa kiuno, pande zote. Hauna unyevu.*

Jambo moja tu hakuliandika. Sisi wa nyanda za juu hatusemi kulia wala kushoto tukiwa ndani ya nyumba. Chumvi iko kaskazini ya sufuria. Mgeni asogee kusini kidogo. Pembe ya kaskazini-mashariki ni ya wazee waliotangulia, na ile ya kusini-magharibi, inayokabiliana nayo, ni ya kuku na ufagio. Mtoto wa miaka minne anayajua haya. Sasa, katika ziara ya tatu, Bibi Razafy alimwambia, “Kikombe chako hicho, kaskazini yako,” na kikombe kilikuwa kusini. Ralaivao aliona haya kumsahihisha mtu mzima. Akasema moyoni ni uzee, akanywa.

Walihamia mwezi wa sita, siku waliyochaguliwa na mnajimu, wakatanguliza moto, mchele na chumvi. Voahirana alizunguka nyumba yote kimya, akafungua madirisha, akanusa makabati. Mwisho akasema, “Haya. Nyumba ni nyumba,” na Ralaivao akahisi mabega yake yameshuka kwa mara ya kwanza baada ya mwaka.

Kisha wakasogeza kabati kuukuu lililoachwa pembe ya kusini-magharibi.

Nyuma yake palikuwa na sahani nyeupe yenye asali iliyokauka, chupa ndogo ya ramu, na matone ya mishumaa yaliyorundikana ubaoni tabaka juu ya tabaka, ya miaka na miaka. Voahirana aliyatazama akakunja kanga yake kiunoni.

“Baba Hery, nani anawapa wazee asali mahali pa kuku?”

Wote wawili walijua jibu linalosemwa huku kwetu. Anayegeuza mambo ya wazee kinyumenyume ni mtu wa aina moja tu, na jina lake halitajwi ndani ya nyumba. Hawakuthubutu kuigusa sahani. Waliirudishia kabati lake.

Kesho yake jirani alikuja, mwanamke mnene mcheshi aitwaye Bakoly, muuza vitumbua. Uani aliwaonyesha kila kitu bila kukosea: kisima kaskazini, njia ya soko kusini. Akavuka kizingiti na sinia lake.

“Karibuni mlimani, mama! Vitumbua hivi ni vya bure leo tu, kesho mtalipa kama wengine. Niviweke huku kaskazini?” Akaenda moja kwa moja upande wa kusini.

“Dada Bakoly,” Voahirana akasema, “kaskazini ni huku.”

Bakoly aliganda. Kicheko chake kilitoka kifupi, kikakatika. “Ee, ni kweli. Mazoea tu.”

Ingekuwa yeye peke yake, wangesahau. Alikuja mwashi kurekebisha jiko, mtu mzima mwenye akili zake, akaomba asogezewe ndoo “ya mashariki”, akaonyesha ile ya magharibi. Mpira wa watoto uliingia dirishani, walipoingia kuufuata wakaelekezana, “Uko magharibi, chini ya kitanda!” na wakakimbilia mashariki, wakaupata. Nje ya mlango kila mmoja alikuwa timamu. Walipovuka kizingiti ni kama mkono usioonekana uliwashika vichwani ukawageuza.

Ralaivao alitoa dira yake ya kazini. Alisimama katikati ya chumba mchana kweupe, ukungu umebanana madirishani, akaitazama sindano ikitetemeka na kutulia palepale inapopaswa kutulia. Akarudia mara nne. Akagonga kuta. Ukuta wa magharibi ulijibu kwa sauti tofauti mahali pamoja penye upana wa mlango. Palikuwa na mlango hapo, umezibwa.

Alimfuata Bakoly kwenye jiko lake la vitumbua. “Dada, mna nini ninyi mkiingia kwangu?”

Bakoly aligeuza vitumbua vyote kimoja kimoja kabla ya kujibu. “Marehemu mzee wa Bibi Razafy alitaka hivyo, nasi tukafuata. Miaka kumi na miwili si mchezo, ulimi unazoea. Zaidi ya hapo muulize binti yao, baba. Mimi si mtu wa kumsema mkubwa wangu.”

*Alitaka hivyo.* Maneno hayo yalipanda naye mlima yakaketi naye mezani. Mtu gani hutaka jambo kama hilo? Na kwa nini azibe mlango wa magharibi, ambao ndio mlango wa nyumba yoyote iliyojengwa na watu wenye adabu?

Jumatatu mchana Voahirana alikuwa akionja mchuzi. “Hebu nipe chumvi, iko kusini yako,” akasema, na chumvi ilikuwa kaskazini. Alijisikia mwenyewe. Upawa ulimtoka mkononi.

Aliposema, sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayechelea kusikiwa. “Imeshaanza kunila ulimi. Alhamisi naenda kwa kaka yangu.”

“Mama Hery, nipe mwezi mmoja.”

“Nikupe mwezi nianze kuwapa wazee asali kwenye kinyesi cha kuku? Shamba la baba yangu liko humu, Ralaivao. Ndani ya kuta hizi. Unadhani naondoka kwa raha?”

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipooana.

Jumatano asubuhi Ralaivao akachukua nyundo. Alikuwa ameshawishika kwamba mlango wa magharibi ukifunguliwa, nyumba itakumbuka ilivyokuwa. Matofali yaliporomoka kirahisi kuliko alivyotarajia. Ndani yake hapakuwa na hirizi wala nywele wala mfupa, vumbi tu. Mwanga mweupe wa ukungu uliingia, na upepo. Nje ya uwazi kulikuwa na hatua mbili za nyasi, kisha hakuna kitu. Ukungu ulikuwa umelijaza lile bonde la wachimbaji hadi ukingoni, ukionekana tambarare kama uwanja ambao mtu angeweza kuukanyaga.

Alikuwa akifagia vifusi upande wa kaskazini, Voahirana yuko jikoni, pale mtu alipoingia kwa mlango wa mashariki bila kupiga hodi.

Alikuwa Bibi Razafy, shuka jeupe begani. Sauti ya Lalao ilisikika mbali getini, ikigombana na mwenye gari kuhusu mzigo. Bibi hakumsalimu mtu. Alimpita Ralaivao kana kwamba ndiye asiyekuwepo, vidole vikiteleza juu ya ule ukanda unaong'aa, akaufuata ukuta wa kusini hadi kwenye kabati.

“Nimefuata sahani yangu,” akaiambia nyumba. “Niliisahau.”

Akapenyeza mkono nyuma ya kabati, akaitoa, akaipangusa kwa shuka. Kisha akaendelea na ukuta wa magharibi kama alivyozoea, na vidole vikakosa ukuta. Akasimama kwenye uwazi, uso umeelekea ukungu. “Mbona baridi?” akasema, akainua mguu.

“Bibi, simama!” Ralaivao alipiga kelele. “Rudi mashariki! Mashariki!”

Bibi Razafy, kwa utii, akapiga hatua mbele, juu ya nyasi.

Hapo ndipo Ralaivao alipofahamu, kwa mwili kabla ya akili, kwamba ndani ya nyumba ile mashariki ilikuwa kule kwenye shimo. Na ulimi wake wa miaka thelathini na miwili ya dira haukuweza kutamka kinyume.

“Magharibi, Mama!” Ilikuwa sauti ya Voahirana kutoka jikoni. “Magharibi! Njoo magharibi!”

Mara moja bibi akalipa shimo kisogo, akapiga hatua tatu za uhakika kuelekea mashariki ya dunia nzima, akaangukia kifuani mwa Voahirana aliyekuja mbio, sahani bado mkononi.

“Nani amefungua mlango wa mzee wangu?” akauliza. Macho yake yalimkazia Ralaivao bila kupepesa, ila sasa Ralaivao aliona kwamba yalikuwa yanatazama kando kidogo ya sikio lake. Akainua kiganja mbele ya uso ule. Hayakutikisika.

Lalao aliwavuta uani, mama yake asisikie, akawaeleza huku akilia kwa hofu ya yale yaliyotaka kutokea. Mwaka ule wachimbaji walipoufikia ukuta, ndio mwaka ambao macho ya mama yake yalikwisha. Mlango wa magharibi ulikuwa umegeuka kifo, lakini kila asubuhi bibi alitoka kitandani na kuuendea. Mumewe akauziba, akafungua mwingine mashariki. Kisha akageuza kitanda, meza, jiko, na pembe ya wazee. Akamwambia mkewe kwamba hakuna kilichobadilika, mlango uko magharibi kama siku zote. Kila aliyevuka kizingiti aliombwa aseme hivyo hivyo. Wazee nao aliwaomba radhi kwa ramu, katika pembe isiyo yao, na kuwasihi waelewe.

“Kwa nini hukuniambia?” Ralaivao akamwuliza.

“Alinikataza. Alisema kipofu akiuza nyumba kila mtu humpunja. Na majirani, baba, nani atamsema mkubwa macho yake kwa mgeni?”

Alhamisi ilifika, Voahirana akaenda kisimani. Ijumaa Ralaivao aliuziba tena uwazi hadi kifuani, juu akaweka dirisha. Pembe ya wazee waliirudisha mahali pake, lakini kila Bibi Razafy alipokuja kuwatembelea, na alikuja mara nyingi, walizungumza kwa dira yake, na Voahirana hakukosea hata mara moja. Ralaivao alikosea kila siku.

Ndivyo nilivyoijua habari hii, na nilidhani imekwisha hapo. Mwaka uliofuata Bibi Razafy alifariki, na siku chache baada ya mazishi Lalao alimweleza Voahirana jambo ambalo mama yake alimwambia akiwa kitandani. Asubuhi ya kwanza ya mlango mpya, bibi alikuwa ameketi kizingitini akasikia joto la jua usoni, na majogoo wa mlima mzima bado wanawika. Alijua palepale kwamba mlango ule hauko magharibi. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake, amebana pumzi. Bibi akamwuliza kahawa yake iko upande gani.

“Kaskazini yako, mama,” mumewe akasema.

Naye akanyoosha mkono kusini, akakipata kikombe.