Siku Nyuki Walipomkalia Mshenga

Jamani, hili naona haya kulisimulia hata leo, lakini mmenibana, basi sikilizeni. Siku mjomba wake Paskali, huyu mume wangu, alipokuja kwetu Mbulumbulu kuleta posa yangu, niliyemfukuza ni mimi mwenyewe.

Baba alikuwa na mzinga wa gogo chini ya upenu, kati ya pipa la maji na nguzo ya mlango (miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, chai tulikunywa kwa asali), na hapo ndipo palipokuwa na kivuli kizuri cha kuweka benchi tuliloazima kigangoni. Basi alfajiri, nyuki wamejikunyata kwa baridi, mimi na dada tukaubeba mzinga hadi nyuma ya jiko, hatua kumi tu, nikajiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Saa nne mjomba, ndiye mshenga, akaketi, akavua kofia, akaanza, "Tumepita njiani, tukaona hapa kuna binti..." Nyuki ndio wanarudi kutoka kwenye maua, moja kwa moja pale mzinga ulipokuwa, kimo kilekile cha tundu, ambapo sasa palikuwa na kichwa cha mshenga! Akawapiga kofi, wakamuuma, akatimkia kwenye mahindi, wazee wote nyuma yake.

Mtu mwenye adabu angekimbia na maji. Mimi nikabaki nashangaa: mzinga uko hatua kumi, mbona hawaufuati? Wanapima kwa pipa au kwa nguzo? Nikalisukuma pipa hatua mbili, na walahi, nusu yao wakalifuata, nusu wakabaki na nguzo! Nikapiga makofi peke yangu, nacheka.

"Binti, mimi navimba, wewe unacheza na pipa?"

Alikuwa mshenga, amerudia kofia yake, mdomo umevimba. Nikasema, "Shikamoo." Akaokota kofia, akaenda zake.

Posa ikalala mwaka mzima. Nililia sana, maana Paskali nilimpenda kweli. Mzee aliporudi hakuketi mpaka alipouliza, "Leo mmehamisha nini?"

Niliapa sitahamisha kitu tena. Ila Paskali akitoka shamba huketi kwenye stuli yake bila hata kuitazama, na juzi udadisi ukanishinda, nikaisogeza kidogo tu, nione. Akakaa chini puu, chai ikamwagika, mbele ya mjomba yuleyule. Sasa nimeapa upya.